Mashine Inashika Zamu

Kuna msemo umeenea sana mjini: "Fulani anasafishwa figo." Utausikia kwenye daladala, utausikia barazani, utauona juu ya karatasi ya michango inayozungushwa ofisini. Sisi tunaopenda maneno, tunaoandika mashairi nyuma ya madaftari na kuyaficha wazee wasiyaone, tunaupokea msemo huo na kuupitisha kwa jirani kama sarafu, bila kuigeuza tuone upande wa pili. Leo naomba tuigeuze, msomaji mwenzangu. Nina sababu. Msemo huo nusura umtoe mtu roho nyumbani kwetu.

Mtu mwenyewe ni mjomba wangu, mdogo wake mama, fundi cherehani wa Kariakoo. Presha ilimkaa miaka bila kelele, maana presha ndivyo ilivyo, haipigi hodi. Alipoanza kuvimba miguu na kutapika asubuhi, figo zilikuwa zimeshafunga ofisi. Tangu hapo akawa mtu wa mashine: Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, masaa manne kila safari. Na kila akirudi, Bibi, mama yake mzazi, alimpokea mlangoni na swali moja: "Haya mwanangu, zimetakata?"

Usimcheke. Yeye kaambiwa zinasafishwa, na kitu kinachosafishwa hutakata. Nani anaosha sufuria ile ile miezi minane?

Mwezi wa nane kikaitishwa kikao cha ukoo. Ajenda iliyosemwa ilikuwa moja, gharama. Iliyofichwa chini ya mkeka ilikuwa nyingine: tunasafisha, tunasafisha, mbona hazitakati? Mzee mmoja akasema labda hospitali wanatula hela tu. Akashauri mgonjwa apumzishwe mashine mwezi mzima, tumjaribu na mitishamba. Vichwa vikatikisika kukubali. Mwezi mzima! Mtu ambaye mkojo wake wa siku nzima haujazi kikombe cha kahawa! Mjomba mwenyewe alikaa pembeni, mikono mapajani, anawasikiliza watu wanavyoupima uhai wake kama wanapima kitambaa.

Niliomba ruhusa ya wazee, nikamgeukia Bibi. Nikamwambia: Bibi, hakuna anayezisafisha figo. Figo zimelala. Kazi yao ilikuwa kuchuja damu, na sasa damu ile ile inatolewa nje kwa mpira, inapita kwenye chujio, inarudishwa mwilini. Mashine inashika zamu tu. Ikizimwa, sumu inaanza kujaa upya saa ile ile.

Neno "zamu" ndilo lililoingia. Marehemu Babu alikuwa mlinzi wa maghala, na Bibi aliishi maisha yake yote ya ndoa kwa ratiba ya zamu. Akafikiri kidogo, akauliza, "Na mwenye zamu yake harudi?" Nikamjibu, "Harudi, Bibi." Akasema, "Basi lindo haliachwi wazi." Kikao kikaishia hapo. Kiwanja cha Mjomba kule Chanika kikauzwa, safari za Jumatatu, Jumatano na Ijumaa zikaendelea.

Lakini Bibi hakuishia hapo, maana wazee wakielewa jambo wanalielewa mpaka mfupa. Siku mbili baadaye ananiuliza: "Huyo mlinzi wenu mbona anakuja siku tatu tu? Siku nyingine nani analinda?" Jamani, hilo ndilo swali ambalo wataalamu wa figo duniani wanahangaika nalo mpaka leo! Nami nikaanza kusoma, usiku baada ya usiku, kama mtu anayetafuta jibu la kumpelekea mkubwa wake.

Tuanze na hesabu. Wiki ina masaa 168. Figo nzima hazilali hata moja kati ya hayo. Kila siku huchuja kama lita 180 za majimaji kutoka kwenye damu, kisha hurudisha karibu yote mwilini, zikitoa lita moja au mbili tu za mkojo. Mashine inamshika Mjomba masaa 12 kwa wiki. Yaliyobaki, masaa 156, lindo liko wazi. Ndiyo maana anapimiwa maji ya kunywa kwa kikombe, katika joto hili la Dar, na ndiyo maana madafu aliyokuwa akiyapenda kuliko soda sasa anayaangalia kwa mbali. Madafu yana potasiamu nyingi. Figo zisipoitoa, potasiamu inaweza kuusimamisha moyo.

Ndani ya masaa hayo manne kinachofanyika ni kitu rahisi kukisema. Damu inapita upande mmoja wa utando mwembamba wenye vitundu vidogo mno, maji yenye chumvi maalumu yanapita upande wa pili. Uchafu kama urea unavuka kutoka palipo na mwingi kwenda palipo na mchache. Chembe za damu na protini kubwa hazipenyi. Kazi hiyo inakula kama lita 120 za maji safi kabisa kwa safari moja, yaani ndoo sita za lita 20. Sasa we fikiria mtaa unaosubiri maji ya bomba mara mbili kwa wiki, halafu mtu mmoja tu anahitaji ndoo 18 za maji hayo ili afike Jumapili. Umeme nao ukikatika, nesi anaweza kuizungusha pampu ya damu kwa mkono mpaka damu yote irudi mwilini. Mjomba aliliona hilo siku moja akaniambia, "Mjomba, kumbe ni cherehani ya mkono!" Kwetu mjomba na mpwa huitana jina moja.

Aliyefungua mlango huu alikuwa daktari kijana wa Uholanzi, Willem Kolff. Mwaka 1938, kule Groningen, alimuuguza kijana wa miaka 22 aliyekuwa akifa kwa figo, na ilimbidi akamwambie mama yake kwamba hakuna la kufanya. Halikumtoka moyoni. Vita vikaja, Wajerumani wakaikalia nchi, yeye akahamia mji mdogo wa Kampen, na huko mwaka 1943 akaunda mashine yake. Ukitaja vifaa vyake utadhani unazungumzia gereji ya Gerezani: pipa la vibao vya mbao, karai kubwa la maji ya chumvi, ujanja alioazima kwenye pampu ya maji ya gari la Ford, na mita nyingi za selofeni, ile ngozi ya bandia ya kufungia soseji. Damu ilipita ndani ya ngozi ya soseji huku pipa likizunguka majini! Nilipomsomea Mjomba kipande hicho alicheka mpaka nesi akaja kuuliza kuna nini.

Wagonjwa wa mwanzo walikufa mmoja baada ya mwingine. Septemba 1945 akaletwa mwanamke wa miaka 67, naye hakupendwa na mtu pale mjini, kwa kuwa wakati wa vita aliegemea upande wa waliowakalia. Kolff hakuuliza anastahili au hastahili. Akamuunganisha. Mama yule akazinduka, akaishi miaka mingine saba. Zamu ilikuwa imeshikwa mpaka mwenyewe akarudi, maana figo zake zilikuwa zimeumwa ghafla, na zile za ghafla mara nyingi huamka zenyewe zikipewa muda. Hata kwetu madaktari huwatibu hivyo watoto na wajawazito ambao figo zao zimezimika kwa malaria kali, kuhara au kutoka damu nyingi. Wengine hurudi nyumbani wazima kabisa, wasiione mashine tena.

Je, kwa wale ambao mwenye zamu harudi? Hapo palikuwa na ukuta. Kila mgonjwa alipounganishwa, mshipa uliotobolewa ulikuwa umeshaharibika, na mtu ana mishipa mingapi? Mwaka 1960, mjini Seattle, Marekani, daktari Belding Scribner akapata wazo la kuacha mrija ndani ya mkono, ncha moja kwenye ateri, nyingine kwenye vena, uunganishwe na kufunguliwa bila kutoboa upya. Mhandisi Wayne Quinton akautengeneza kwa Teflon, ile ile ya vikaango visivyoganda. Mgonjwa wa kwanza, Clyde Shields, fundi mitambo, aliishi miaka 11 zaidi. Mwaka 1966 madaktari wa New York wakapata njia bora: kushona ateri na vena ya mkono wenyewe pamoja, mshipa unenepe, uvumilie sindano. Unaitwa fistula. Mjomba aliposikia jina hilo alishtuka: "Fistula si ugonjwa wa akina mama?" Jina ni moja, mambo mawili. Ukimgusa mkono wake wa kushoto utasikia damu inanguruma chini ya ngozi kama paka aliyeshiba. Kila asubuhi kabla ya kuswali anaweka sikio pale. Ikinguruma, kumekucha.

Basi uvumbuzi ukipatikana shida imekwisha, sivyo? La hasha. Ndipo neno zamu linapogeuka na kuonyesha meno. Kituo cha Seattle kilipofunguliwa mwaka 1962 viti vilikuwa vichache, wagonjwa wengi. Ikaundwa kamati ya watu saba, wengi wao wakiwa raia wa kawaida, akiwemo mchungaji na mama wa nyumbani, majina yao yamefichwa. Kazi yao: kuamua nani apate zamu. Mwaka huo huo mwandishi Shana Alexander akaianika kamati hiyo katika jarida la Life, na Wamarekani wakasoma kwamba mtu aliulizwa ana mke, ana watoto wangapi, ana kipato gani, anakwenda kanisani. Angalia kalamu inavyofanya kazi, wewe unayetaka kuwa mwandishi. Kelele zilizoanzia kwenye kurasa zile zilikuwa sehemu ya njia ndefu iliyofika Oktoba 1972, Marekani ilipopitisha sheria ya serikali kulipia dayalisisi ya karibu kila anayeihitaji.

Huku kwetu hakuna kamati ya watu saba, kuna mfuko wa suruali. Wodini kwa Mjomba kulikuwa na kijana wa chuo, mcheshi, shabiki wa Simba wa kufa mtu. Kutoka mara tatu kwa wiki akashuka mara mbili, kisha moja. Wiki iliyofuata kiti chake kilikuwa na mtu mwingine. Hakuna aliyeuliza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 katika jarida la Lancet ulikadiria kwamba mwaka 2010 watu milioni 2.6 duniani walikuwa wakiishi kwa dayalisisi au figo ya kupandikizwa, na wasiopungua milioni 2.28 huenda walikufa kwa kuikosa. Wengi wao ni wa Asia na Afrika. Nikisoma namba ile namuona kijana wa Simba.

Turudi kwa swali la Bibi, kuhusu siku zisizolindwa. Mwaka 2011 watafiti walichapisha kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya 32,000 wa Marekani wanaounganishwa mara tatu kwa wiki. Wakakuta vifo na kulazwa vinaongezeka siku inayofuata lile pengo la siku mbili, yaani wikiendi. Bibi aliliona bila kompyuta! Mwaka mmoja kabla ya hapo utafiti mwingine uliwagawa wagonjwa 245, nusu mara tatu kwa wiki, nusu karibu mara sita. Wa mara sita mioyo yao ilikuwa na hali bora, ingawa mishipa yao ya kuunganishia ilisumbua zaidi. Kabla ya hapo, mwaka 2002, wagonjwa 1,846 walikuwa wameonyesha kwamba kuongeza tu nguvu ya kuchuja ndani ya safari zile zile tatu hakupunguzi vifo. Mafunzo haya yanataka usomaji wa makini: kumkandamiza mlinzi afanye kazi kwa hasira usiku mmoja si sawa na kuwa na mlinzi kila usiku. Na mwaka 2023, utafiti wa Ulaya wa wagonjwa 1,360 ulilinganisha dayalisisi ya kawaida na njia inayosukuma maji mengi zaidi kupita kwenye utando. Upande wa kawaida walikufa 21.9 katika kila 100, upande wa pili 17.3. Nani atasema tofauti hiyo ni ndogo, ikiwa mmoja wa wale wanne au watano ni mjomba wake?

Kuna zamu nyingine ambazo mashine haiziwezi hata ikesha. Figo hutoa homoni inayouambia uboho utengeneze damu. Zamani wagonjwa wa mashine waliishi kwa kuongezewa damu, wakitembea kama vivuli. Tangu mwaka 1989 homoni hiyo inapatikana kwa sindano. Mjomba akichomwa kwa wakati anashona suruali mbili kwa siku. Sindano ikikosekana dukani, anashindwa hata kupanda ngazi ya msikiti.

Na kuna figo ya mtu mwingine, ambayo ndiyo mlinzi wa kweli, maana halali. Novemba 2017 Muhimbili ilifanya upandikizaji wa kwanza wa figo nchini, na mwaka uliofuata Hospitali ya Benjamin Mkapa kule Dodoma nayo ikaanza. Kabla ya hapo safari ilikuwa India. Basi na sisi tukaanza kutafuta nani atampa Mjomba. Mama alijitokeza kwanza, presha ikamkatalia. Akafuata mama mdogo, miaka 38, mwenye afya ya kubeba gunia. Hakuwa na maumivu yoyote, hakuwa na uvimbe, hakuwa na lolote. Majibu yakaja: protini kwenye mkojo, kreatinini imeanza kupanda. Alikwenda kutoa figo, akaambiwa zake mwenyewe zina ugonjwa.

Nyumba ilinyamaza kwa wiki nzima. Lakini hapa ndipo nataka unisikilize vizuri, maana tumezoea kuiona mashine peke yake kwa kuwa ina taa na mlio, kumbe kazi kubwa ya watafiti wa siku hizi iko kabla ya mashine. Utafiti uliofanyika mkoani Kilimanjaro na kuchapishwa mwaka 2015 ulikuta watu wazima 7 katika kila 100 wana ugonjwa sugu wa figo. Vijijini walikuwa 2 katika 100, mjini 15, na wengi hawakujua kabisa. Mjini, ndugu zangu! Sisi wa chipsi, wa kukesha, wa kumeza diklofenaki kila mgongo ukiuma, na dawa hizo zikizoeleka huziumiza figo.

Na dawa za kuwazuia watu wasifike kwenye kiti zipo. Zipo za presha zinazojulikana miaka mingi kwamba hupunguza protini kwenye mkojo. Zikaja nyingine zilizoanza kama dawa za kisukari. Mwaka 2020 utafiti wa wagonjwa 4,304 wa dapagliflozini ulisimamishwa kabla ya muda, kwa kuwa manufaa yalikuwa wazi mno, hata kwa wasio na kisukari. Mwaka 2023 dada yake, empagliflozini, ikaonyesha vivyo hivyo kwa watu 6,609. Dawa hizi hazifufui figo iliyokufa. Zinaichelewesha iliyochoka isilale mapema. Kwa mtu wa miaka 38, kuchelewesha ni watoto kumaliza shule.

Ndiyo maana nasema tuyaangalie maneno. Hatuna uwezo wa kuunda utando wala kununua mashine, lakini maneno ni mali yetu, na ndiyo yanayokaa kwenye vikao vya ukoo kabla daktari hajaitwa. Mtu akiambiwa figo zinasafishwa, atasubiri zitakate, zisipotakata atakata tamaa au atakata safari. Akiambiwa mashine inashika zamu, atauliza maswali ya Bibi: mwenyewe anarudi? Siku nyingine nani analinda? Na wasiopata mlinzi je? Ukitunga hadithi yenye mgonjwa wa figo, tafadhali usimuue kwa sentensi moja ili mhusika wako mkuu apate kulia. Mpe ratiba yake, kikombe chake cha maji, mkono wake unaonguruma. Na mhusika wako mkuu mpeleke akapime presha, sukari na mkojo.

Mama mdogo anameza vidonge vyake kila asubuhi sasa, na kila baada ya miezi mitatu anapima. Mara ya mwisho protini ilikuwa imeshuka. Aliniletea karatasi nimsomee, nikamsomea mara mbili, akaikunja akaitia kwenye mkoba, akaenda kufungua genge lake.